Mgonjwa wa Kumi na Moja

Kuze, Mombasa
3 Mei 1947

Ami yangu mpenzi Kamaludin,

Assalaam alaykum. Nakuamkia, shikamoo, na wote wa nyumbani wakuamkia. Sisi ni wazima. Baba mguu umepona na sasa aenda msikitini bila bakora, ingawa akiona watu ni wengi huiazima ya jirani ili apishwe pa kukaa. Mama auliza kama achari ya ndimu ilifika Unguja salama au chupa ilivunjika melini. Mvua imebomoa ukuta wa uani, tumeweka mabati kwa muda.

Sasa sikiliza kazi niliyojitia, ucheke au unisifu. Wajua nafundisha darasa la sita la wasichana. Mwezi wa pili mwanafunzi wangu mmoja hakuja shule siku saba. Mamake alipewa karatasi sokoni inayosifu unga wa kusafisha macho, akanunua, akamtia mtoto. Macho yalivimba hata hakuona mbele. Alipopona nikamuuliza, "Mbona mliamini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Mwalimu, ilikuwa imepigwa chapa." Nikawauliza na wenzake. Wote wakasema vivyo hivyo: kilichopigwa chapa ni kweli.

Nikaenda kwa Bwana Kitsao Mung'aro, mtunza maktaba ya mtaa wetu, mtu wa Kaloleni, mpole lakini hayumbishwi. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, huu mwaka wa nne watu waja kuniomba vitabu. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kama kitabu chasema kweli." Basi tumepatana. Kila Jumatano asubuhi, mpaka saa tano, maktaba hufungwa kwa wanaume na wasichana wangu huingia. Mimi naleta maswali, yeye aleta vitabu na magazeti, na tunafundisha sote wawili, si mimi kusema na yeye kubeba. Ubaoni tumeandika maswali matatu: Nani amesema? Amejuaje? Nani mwingine amesema? Wazazi wawili walikataa. Niliwaendea majumbani, na Jumatano iliyofuata mabinti wao walikuja.

Kamati ya shule yajenga chumba kipya na imeamua kukiita kwa jina la Babu, Sheikh Faraj, kwa wema wake mwaka wa ndui. Wasichana wangu ndio watakaoandika habari hiyo na kuisoma siku ya kufungua. Kitabu chao cha kwanza ni kile kijitabu chako cha habari za mtaa. Kwa hiyo nakuuliza swali la pili la ubaoni, Ami: kwamba Babu alifungua nyumba yake, hii hii tunayokaa, akawauguza wagonjwa kumi na mmoja, ulijuaje? Nani alikusimulia? Wasichana wangoja jibu lako kwa hamu.

Mwanao,
Mwanakuu binti Athmani


Unguja
22 Mei 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Waalaykum salaam. Mwambie mamako achari ilifika nzima na haikumaliza siku tisa. Shangazi yako ana kikohozi lakini si kibaya. Mimi bado nipo kwenye kiwanda cha chapa, nasahihisha makosa ya watu wengine kutwa, na jioni macho hunitoka maji.

Sikucheka. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ya tatu nilimsomea shangazi yako kwa sauti. Kabla ya kuja kiwandani nilifundisha miaka ishirini na sita na sikuwahi kufikiri kumwita mtunza maktaba aingie darasani. Nilidhani kazi yake ni kufuta vumbi. Msalimie sana Bwana Kitsao.

Nakuongezea machache. Kila msemaji aandikwe kwenye karatasi yake, msichanganye maneno ya huyu na ya yule kabla hamjayaona yote. Tena mtenge aliyeona na aliyesikia. Mtu akisema "inajulikana," mwulizeni inajulikana na nani. Na karatasi isiyo na tarehe msiitupe, lakini msiipe kiti cha mbele.

Habari za mwaka wa ndui ni za zamani na kila mtu mtaani azijua. Wazichukue hivyo hivyo zilivyo kitabuni.

Nawatakia heri.

Ami yako,
Kamaludin bin Faraj


Kuze, Mombasa
14 Juni 1947

Ami yangu,

Assalaam alaykum, na pole kwa macho. Mama atuma chupa mbili za achari badala ya moja. Binamu yangu ameposwa, harusi ni baada ya Idi Kubwa, na nyumba nzima sasa ni mazungumzo ya leso na udi.

Barua yako niliwasomea wasichana. Nilipofika "kila mtu mtaani azijua," walicheka. Tumu, ambaye ndiye mdogo wa darasa na mkali kuliko wote, akasema, "Mwalimu, Ami yako ametuambia tuulize inajulikana na nani, kisha yeye mwenyewe hakusema." Nilimkemea kwa kukosa adabu. Lakini Ami, nami nauliza hilo hilo.

Na sasa pana jambo. Bwana Kitsao alikumbuka sanduku kabatini, lililoachwa maktaba na jamaa za karani wa zamani wa idara ya afya. Ndani mna orodha za mwaka wa ndui, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, kila ukurasa na tarehe yake. Zimeandikwa Kiingereza. Nilimwomba atutafsirie. Akakataa. Aliweka kamusi mbili mezani akawaambia wasichana, "Nikiwasomea mimi, mtakuwa mmeniamini mimi tu." Neno moja peke yake liliwachukua nusu saa, nalo likaja kuwa "hayupo."

Ukurasa wenyewe wasema hivi: Kuze, nyumba ya Sheikh Faraj. Wagonjwa kumi na mmoja. Anayewauguza, Mbeyu, mpishi. Mwenye nyumba hayupo, amevuka Likoni na jamaa zake.

Tumu akanyoosha mkono. "Nani aliyekosea, karani au kitabu?" Nilitaka kusema karani. Bwana Kitsao akanitangulia. "Hatujui bado. Andikeni hivyo: hatujui bado." Wakaandika.

Jumatano ya pili tukaenda kwa Bi Bimdogo, bibi yake mamake Tumu, ambaye aliugua ndui akiwa bibi harusi. Ni mzee sana lakini kauli yake i wazi. Tumu akamuuliza habari za Sheikh Faraj.

"Sheikh?" akasema. "Sheikh alikuwa ng'ambo, Likoni, na watu wake. Sisi mlango alitufungulia Mbeyu."

"Bibi, ulimwona kwa macho yako huyo Mbeyu?"

"Nilimwona? Mwanangu, alinilisha uji kwa mkono wake siku kumi na saba. Wataka nimwone vipi zaidi?"

Asema Mbeyu alikuwa mtu wa Rabai, mpishi wa Babu. Aliugua ndui utotoni akapona, ndiyo sababu hakuogopa kuwagusa wagonjwa.

Ami, wewe ndiye uliyeandika kitabu. Uliwahi kusikia jina la Mbeyu?

Mwanakuu


Unguja
2 Septemba 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Salamu nyingi baada ya Ramadhani na Idi. Nisamehe kwa kuchelewa. Palikuwa na mfungo, kisha kazi nyingi kiwandani, kisha macho. Shangazi yako kikohozi kimekwisha. Achari imefika.

Wasichana wako ni hodari, na hodari yafaa aongozwe. Karani wa serikali huandika alichoambiwa mlangoni, na Bi Bimdogo alikuwa na homa. Waachie jambo hilo. Yako mengi ya kufundisha. Wapeleke Feri wanakoshushwa samaki wakaandike bei zao na kuzilinganisha na za sokoni, hilo nalo ni somo zuri.

Msalimie babako.

Kamaludin


Kuze, Mombasa
20 Septemba 1947

Ami yangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima, alhamdulillahi. Ukuta wa uani umejengwa upya.

Umeniandikia barua fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na jina la Mbeyu hukulitaja, hata kukanusha. Nimeliona hilo. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.

Baba amejua. Mwenyekiti wa kamati alisikia kwa mzazi mmoja akaja nyumbani. Alipoondoka, Baba akaniita. Nilidhani atapiga kelele. Akasema polepole, "Chumba kitaitwa jina la baba yangu. Na wewe utafundisha hesabu." Akainuka akaenda zake. Tangu siku ile anijibu salamu tu.

Mwenyekiti alikwenda na maktaba, akamtaka Bwana Kitsao alifungie lile sanduku. Bwana Kitsao akamwambia, "Sanduku halitoki, wala silifichi. Bwana akitaka kulisoma, kiti kipo, nitamletea." Mwenyekiti hakukaa. Bwana Kitsao ana mke na watoto watatu, na mshahara wake wapita mkononi mwa watu wanaojuana na kamati. Nilimuuliza kama aogopa. Akasema aogopa, kisha akaniuliza Jumatano tutaanza na ukurasa gani.

Mimi sitafundisha hesabu, Ami. Nimewaambia hawa watoto waulize, nami siwezi kuwafunga midomo mara tu swali linapoingia nyumbani kwangu. Kufungua ni Machi mwakani. Kama karani na Bi Bimdogo walikosea, nionyeshe walipokosea, nitawasomea wasichana mbele ya kamati nzima na nitafurahi.

Lakini kuna neno jingine. Tulirudi kwa Bi Bimdogo, maana wewe mwenyewe umesema alikuwa na homa. Tumu akamtaka awahesabu wagonjwa. Akawataja kwa majina na nyumba zao, kumi, wote walilala chini ukumbini. Wa kumi na moja alikuwa juu, chumba cha dirisha la barabarani. Hakumwona. Alimsikia Mbeyu akipanda ngazi na kumbembeleza ale: "Bwana mdogo, kidogo tu, bwana mdogo." Mtoto wa mwenye nyumba.

Ami, nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikaa mapajani mwako nikihesabu vishimo vya usoni mwako. Uliniambia ni siafu.

Nakuuliza kwa heshima zote. Ni wewe?

Mwanao,
Mwanakuu


Unguja
30 Novemba 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Leo sitaeleza habari za hali zetu. Tu wazima.

Ni mimi.

Nilikuwa na miaka saba. Asubuhi moja niliamka na homa, na kufikia adhuhuri vipele vilikuwa vimetoka. Nyumbani walikuwapo watoto wengine wanne wazima, babako akiwa mkubwa wao. Baba yangu alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia. Akaniambia, "Tutarudi kesho." Walirudi siku ya arubaini na mbili. Walivyotoka sikumbuki, na hilo usiniulize tena.

Sikumchukia, nataka ulijue hilo. Nimelea watoto mwenyewe, na najua mtu aweza kusimama mahali ambapo kila njia ni mbaya. Lakini alivuka, na mimi nilibaki na Mbeyu.

Siku ya tatu alisikia watu wakilia barabarani. Walikuwa wametolewa majumbani mwao na hawakuwa na pa kulala. Alikuja kunitazama, akasema, "Bwana mdogo, nyumba yote hii, mgonjwa mmoja?" Akashuka akafungua mlango. Hakumwomba mtu ruhusa, na hapakuwa na wa kumwomba. Watu kumi aliwalisha, akawaosha na kuwapaka dawa, na mimi juu. Wawili walikufa mikononi mwake.

Baba yangu aliporudi, watu wa mtaa walimpokea mlangoni wakimshukuru kwa kuifungua nyumba yake. Aliwatazama, akanyamaza, akaingia ndani. Ndivyo ilivyoanza. Hakusema uongo. Alipokea shukrani, basi, na mwaka baada ya mwaka ikawa yake.

Lakini mimi nilisema uongo, na nikaupiga chapa. Nilipoandika kile kijitabu Mbeyu alikuwa hai. Nilikwenda Rabai kumwona. Alinipikia. Nikamwambia naandika habari za mwaka wa ndui, naye akajua nilichokuja kutaka. Akasema, "Andika upendavyo, bwana mdogo. Mimi sijui kusoma." Nikashika njia nikarudi, nikaandika nilivyopenda. Miaka miwili baadaye alikufa. Hakuwa na mtoto. Nimekuwa nikisahihisha herufi za watu tangu wakati huo.

Nilipokwambia karani huandika alichoambiwa mlangoni, nilijua vizuri kwamba ni Mbeyu aliyesimama mlangoni siku ile akamwambia.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi mbili. Ya kwanza ni ushahidi wangu, nimeutia sahihi na tarehe. Mpe Bwana Kitsao autie sandukuni, kwenye karatasi yake peke yake. Ya pili ni sahihisho fupi. Nimepiga chapa nakala mia mbili kwa mkono wangu, zitakuja kwa meli ya wiki ijayo. Wasichana wazibandike katika kila kijitabu watakachokipata mtaani, ukurasa wa kumi na tisa.

Babako msomee mwenyewe, usimpe tu barua. Ni ndugu yangu mkubwa na sijapata kuzungumza naye neno hili maisha yetu yote.

Mwambie Tumu hakukosa adabu.

Kamaludin bin Faraj


Kuze, Mombasa
12 Machi 1948

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mama akusalimu, na binamu amekwisha olewa, harusi ilijaa mpaka watu wakakaa ngazini.

Barua yako nilimsomea Baba siku ile ile iliyofika. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akaenda chumba cha juu akafunga mlango. Hakuizungumza Disemba yote, wala Januari. Maulidi yalipita. Mimi sikumsukuma. Niliendelea na Jumatano zangu. Wasichana wamebandika sahihisho katika vijitabu sitini na vinne kufikia sasa. Wapo waliowafungia milango. Lakini kwa mzee mmoja walikaribishwa kahawa, na alipokwisha kusoma akaleta karatasi za babake kuuliza kama na hizo zaweza kuchunguzwa. Mwalimu wa shule ya wavulana naye amekuja kwa Bwana Kitsao kuomba siku yake. Amepewa Jumatatu.

Kufungua kulikuwa juzi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi uani, wanawake nyuma ya pazia. Kibao cha jina kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mwenyekiti alitaka wasichana wasome kasida tu. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, akasema wasichana wameandaa kazi ya mwaka mzima na watasoma.

Wakasoma kwa zamu. Mmoja alisoma yaliyo kitabuni, mwingine orodha ya karani, mwingine maneno ya Bi Bimdogo, naye mwenyewe akaitikia nyuma ya pazia, "Ndivyo!" Kisha Tumu akasoma ushahidi wako. Alisoma polepole, bila kupamba. Wanawake wakaanza kulia. Mwenyekiti akainuka akasema haya ni maneno ya kuwavunjia heshima marehemu, na kwamba mtu aliye Unguja aweza kuandika lolote.

Hapo Baba akasimama. Sikujua kama atakuja, wala sikumwona alipoingia. Alikuwa benchi la nyuma kabisa.

Akasema, "Mimi nina la kusema."

Ami, Tumu alikuwa bado amesimama na karatasi yake, na mtoto huyu hana woga hata kidogo. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Babu Athmani, wewe ulijuaje?"

Watu wakaguna. Baba akamjibu kama anavyomjibu mtu mzima. "Nilikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi. Tulitoka asubuhi, mimi nimebeba mkeka. Tulipofika barabarani nikatazama juu, nikamwona ndugu yangu dirishani. Alinipungia mkono. Alidhani twaenda sokoni. Mimi sikumpungia. Niliambiwa nisimpungie, asije akalia. Nikatazama mbele nikaenda."

Kisha akamwambia Tumu, "Andika hilo. Andika kama nilivyosema."

Tumu akakaa chini akaandika, na watu wote uani wakamngoja. Alipomaliza alimsomea, Baba akasahihisha neno moja, akatia sahihi na tarehe. Mwenyekiti aliondoka kabla ya dua. Kibao hakikufunuliwa. Jana kamati ilikutana bila yeye, na fundi ameagizwa kuandika upya: Chumba cha Mbeyu. Baba ndiye aliyewaandikia jina, maana walikuwa wakibishana herufi zake.

Baba alimpelekea Bwana Kitsao ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kwenye kiti mle maktaba, akaomba sanduku, akasoma mpaka wakati wa kufunga. Aliporudi nyumbani aliniita. Nikaketi. Akaniambia maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema:

"Mwandikie Kamaludin aje. Mwambie asikodi gari wala asitafute mchukuzi. Meli ikifika Kilindini, nitakuwa nimesimama pale mbele. Nitampungia mimi kwanza."

Mwanao,
Mwanakuu binti Athmani